Ainisho la Misuguano ya Taita Taveta, Pamoja na Maelezo ya Vielelezo

Wataalamu wa viumbe wameikagua Taita Taveta hadi mashimoni. Ndege wa msitu wa Ngangao wana majina ya Kilatini, vipepeo wana ya kwao, na hata yule kiumbe asiye na miguu wa mlima Sagalla, anayeishi chini ya udongo na ambaye ukimwona kwa haraka utamdhania nyungunyungu, alipewa lake mwaka 2005: Boulengerula niedeni. Huyu ameyajenga maisha yake yote juu ya ute wa ngozi, yaani juu ya kuukwepa msuguano. Anayekwepa ana wasifu, anayekwepwa hana. Msuguano wenyewe, unaopatikana Maungu, Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta, usiku na mchana, vuli na kiangazi, haujawahi kuainishwa na mtu. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo, kwa utaratibu wote wa kitaaluma unaowezekana katika joto la Voi.

Kwanza tabia za jumla. Msuguano ni nguvu inayozikataza nyuso mbili zinazogusana zisiteleze moja juu ya nyingine. Sifa yake kuu, ambayo vitabu vya shule huipita mbio, ni kwamba haujawahi kuanzisha jambo lolote tangu dunia iumbwe. Lori lililowekewa breki ya mkono mahali tambarare pale stendi ya Voi halivutwi na msuguano mbele wala nyuma. Lisukume kwa nguvu ya kilo 5, nao utajibu kwa kilo 5. Lisukume kwa kilo 50, utajibu kwa 50 kamili, si 49 wala 51. Hautoi pendekezo. Unapinga tu, na unapinga kwa kadiri ya hoja iliyoletwa. Waliowahi kukaa kwenye bodi za shule watautambua mara moja.

Upinzani huo una kikomo, na kikomo ndicho watu hukikusudia wanaposema msuguano ni mkubwa au mdogo. Huamuliwa na mambo mawili. La kwanza ni nguvu inayozibana nyuso pamoja, ambayo kwa kawaida ni uzito. La pili ni nani amekutanishwa na nani: mpira na lami, chuma na chuma, akala na jiwe lenye kuvu. Kila jozi ina namba yake, nasi tutaiita kizidishi cha msuguano. Zidisha namba hiyo kwa nguvu inayobana, umepata kikomo. Mpira juu ya lami kavu huwa na kizidishi cha 0.7 au zaidi kidogo. Ubao juu ya ubao, kati ya 0.25 na 0.5, na ile plastiki inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha, ikikutana na plastiki ileile, karibu 0.04 tu. Namba ni ya jozi, si ya mmoja. Anayesema mpira una msuguano mkubwa bila kutaja umekutana na nini anaeleza ndoa kwa kumtaja bwana harusi peke yake.

Yasiyoamua kikomo ndiyo yanayoshangaza zaidi. Ukubwa wa eneo linalogusana hauamui kitu. Leonardo da Vinci aliligundua hilo mwishoni mwa karne ya 15, akaliandika kwenye madaftari yake, akanyamaza. Mwaka 1699 Guillaume Amontons aliligundua upya na kulipeleka mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris, ambako wenzake walilipokea kwa mashaka. Mwaka 1785 Charles-Augustin de Coulomb akalithibitisha kwa majaribio marefu, na akaongeza kwamba mwendo ukishaanza, kasi nayo haibadilishi mambo sana. Kwa muda huo wote hamali yeyote aliyewahi kuburuta sanduku la nyanya za Wundanyi angeweza kuwapunguzia kazi: sanduku lilale kwa ubavu wake mpana au lisimame kwa kichwa chake chembamba, kuliburuta ni jasho lilelile.

Sababu ilichelewa hadi karne ya 20, mikononi mwa Frank Bowden na David Tabor wa Cambridge. Uso wowote, hata wa kioo, ukiutazama kwa karibu vya kutosha ni milima na mabonde. Bowden alieleza kwamba kuweka uso mmoja juu ya mwingine ni sawa na kuipindua Uswisi na kuilaza juu ya Austria. Msomaji wa huku hana haja ya kusafiri hivyo. Ing'oe milima ya Upare, ile inayoonekana ukiwa Ziwa Jipe, ipindue, kisha uilaze juu ya Taita. Vuria, wenye zaidi ya mita 2,200, utagusa. Kasigau huenda ukagusa. Sagalla kwa bahati. Kwingine kote, Mwatate, mashamba ya katani, nyika za Tsavo, kutabaki na hewa tupu juu yake. Kipande cha chuma cha kilo 1 kikiwekwa juu ya chuma kingine hugusa kwa eneo lisilozidi sehemu moja ya mia ya milimita moja ya mraba. Vilele hivyo vichache ndivyo vinavyobeba uzito wote. Vinabonyea, vinashikana, na kukisogeza kitu ni kuivunja mishikano hiyo. Ongeza uzito, vilele vitabonyea zaidi na vingine vipya vitafika. Eneo halisi la kugusana hukua sambamba na uzito. Sanduku lililolala lina vilele vingi vilivyobanwa kidogo, lililosimama lina vichache vilivyobanwa sana, na jumla haibadiliki.

Waendesha bodaboda wanaonunua tairi pana kwa imani kwamba zinashika zaidi watapinga, na kwa haki ya kitaaluma wapewe nusu ya hoja. Mpira ni laini, huzama kwenye vijishimo vya lami, na hauitii sheria ya Amontons kikamilifu. Ukiutandaza uzito juu ya eneo kubwa, kizidishi chake hupanda kidogo. Nusu ya pili ya hoja yao, kwamba tairi pana hushika hata ikiwa kipara, tutaijadili mvua ikinyesha.

Jamii ya kwanza: Msuguano Mkaidi

Huu hukishambulia kitu ambacho bado hakijaanza kwenda. Kielelezo bora ni kabati la mbao nzito siku ya kuhama nyumba, mtaa wa Mwakingali, Voi. Wanne wanasukuma, halisogei. Watano wanasukuma, halisogei. Anafika jirani ambaye hasukumi bali anashauri. Ghafla kabati linaruka nusu mita na kumbana ukutani aliyekuwa mbele, na sifa zote zinamwendea mshauri. Kilichotokea ni kwamba kizidishi cha kitu kilichotulia huwa kikubwa kuliko cha kitu kilicho mwendoni, na nguvu iliyotosha kukivunja kikomo cha kwanza hugeuka ya ziada mara mwendo unapoanza. Leonhard Euler alizitenganisha hali hizi mbili katikati ya karne ya 18. Coulomb naye aliona kwamba kadiri kitu kinavyokaa ndivyo kinavyozidi kushikilia, kwa kuwa vilele huendelea kubonyea polepole na kuongeza mishikano. Kabati lililosimama miaka kumi ni kaidi kuliko la jana, hata kabla ya kuhesabu vitu vya shangazi vilivyomo ndani.

Jamii hii ina spishi moja ndogo inayoimba. Nyuso zinashikana, zinaachiana, zinashikana tena, mara mamia au maelfu kwa sekunde, na matokeo yake ni mlango unaolia usiku, breki zinazopiga mluzi stendi na chaki inayokwaruza ubaoni. Tumeisikiliza, tumeiacha.

Jamii ya pili: Msuguano wa Mteremko

Hupatikana kwenye barabara inayoshuka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate. Ndiyo jamii inayochunguzwa na watu wengi zaidi kwa wakati mmoja, kwa kawaida kumi na wanne.

Hesabu yake ni nyepesi na inatisha. Matatu yenye abiria, magunia ya kabeji kwenye keria na jogoo chini ya kiti ina kama tani 3. Tuseme inashuka mita 500 kwa wima. Nishati yote iliyoipandisha, ile iliyolipiwa petroli au dizeli, ni lazima iende mahali. Dereva akilizuia gari kwa breki peke yake, nishati hiyo inageuka joto kwenye diski na ngoma za magurudumu: joto la kutosha kuyachemsha madumu mawili ya maji ya lita 20, kutoka ubaridi wa kawaida hadi kutokota. Jiko lenyewe ni vipande vinne vya chuma, kila kimoja kikiwa ndani ya gurudumu.

Hapo ndipo inapofichuka siri ya kizidishi: si namba ya milele. Breki pedi hutengenezwa kwa nyuzi na unga wa madini vilivyogandishwa kwa gundi ya kiwandani. Joto likipita kiasi gundi hiyo huanza kutoa gesi, pedi haiishiki tena diski kama mwanzo, na kizidishi kinaanguka. Dereva anakanyaga palepale, kwa nguvu ileile, na gari haliitiki. Ndiyo maana madereva wakongwe wa mlima huo hushuka kwa gia ileile ambayo wangeipandia, wakaiachia injini kazi ya kukataa, na breki wakaigusa kwa vipindi ipate kupoa kati ya kona na kona. Kijana mgeni wa mlima, anayeshuka kwa gia kubwa ili kuokoa mafuta, hutambulika kwa harufu kabla ya sura.

Ndani ya jamii hii tumetenga spishi ya pekee: breki za abiria. Kila kona kali, nyayo zote zilizomo garini huikandamiza sakafu kwa pamoja.

"Dereva, pole pole, tuna watoto nyumbani."

"Tulia mama. Hii gari inaijua njia kuliko mimi."

Jibu hilo halijawahi kumtuliza mama yeyote, na nyayo huzidisha mbano. Tumelichunguza jambo hili kwa uzito unaostahili. Nguvu inayobana ipo. Nyuso mbili zipo, soli ya kiatu na kapeti ya plastiki. Msuguano unaozaliwa ni halali kabisa. Kasoro ni kwamba unafanyika kati ya abiria na gari, na wote wawili wanaelekea Mwatate kwa kasi moja. Barabara haijaarifiwa. Hata hivyo mama huyo hushuka Mwatate amechoka kama aliyetoka kulima, na si adabu kumfanyia hesabu.

Jamii ya tatu: Msuguano Viringo

Kitu kinachoviringika hakitelezi. Vilele havikwanguliwi, hushuka vikagusana na kubanduliwa kwenda juu, na gharama iliyobaki ni ile ya gurudumu na njia kubonyea na kurudi. Gharama hiyo hutofautiana ajabu. Tani moja juu ya reli tambarare huendelea kwenda kwa nguvu ya kilo 1 hadi 2. Tani hiyohiyo kwenye tairi za lori juu ya lami hudai kilo 6 hadi 10. Kwenye mchanga mkavu au vumbi la kuzama hudai kilo 100, 200, hata 300.

Namba hizi tatu ziliwahi kwenda vitani. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na mwaka 1915 Waingereza wakaanza kutandika reli kutoka Voi kwenda magharibi, kupitia Bura hadi Maktau na kuendelea. Wanahistoria huueleza uamuzi huo kwa mikakati ya majenerali. Sisi tunaona ni suala la kizidishi. Kati ya Voi na Taveta palikuwa na nyika, vumbi jekundu, maji haba, na mbung'o waliowamaliza wanyama wa kukokota. Mzigo ambao gurudumu la chuma linaulipia kilo 2 kwa tani, gari la ng'ombe kwenye vumbi lingeulipia mara mia. Pale reli ilipoishia, tofauti hiyo ililipwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi wa jeshi, ambao kikosi chao kimeacha jina Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, na ambao walikufa kwa maelfu, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mwaka 1916 reli ya Voi iliunganishwa na ile ya Wajerumani kule Kahe, karibu na Moshi. Masika ya mwaka huohuo yakayazamisha malori kwenye tope, na hoja ya reli haikuhitaji tena kutetewa.

Lakini wepesi unaolifaa behewa ndio unaoitesa injini. Treni haiendi kwa moshi wala kwa umeme. Huenda kwa msuguano kati ya magurudumu ya injini na reli. Chuma juu ya chuma kikavu hutoa kizidishi cha kama 0.3. Kikilowa, 0.2 au chini ya hapo. Kikipakwa mafuta au majani yaliyopondwa, ni aibu tupu. Injini inayotaka kuvuta kwa nguvu ya tani 30 lazima iyabane magurudumu yake kwenye reli kwa tani 100, na kwa hiyo hutengenezwa nzito kwa makusudi. Zile injini za mvuke za Garratt za daraja la 59, zilizoanza kufika mwaka 1955 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zilikuwa na tani zaidi ya 250 kila moja. Zilipita Voi zikitokea usawa wa bahari na kwenda Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Kwenye mpando wa mita 15 kwa kila mita 1,000, kila tani ya mzigo hudai kilo 15 zaidi, karibu mara kumi ya gharama ya kuviringika kwenyewe. Magurudumu yakianza kuzunguka bila kwenda, dereva wa treni humwaga mchanga mkavu mbele yake kwa mabomba maalumu. Naam: mojawapo ya mashine nzito zaidi zilizowahi kuipita kaunti hii ilikuwa ikibeba sanduku la mchanga ili isione haya mlimani. Mto Voi, ambao kwa miezi mingi hauna kingine cha kutoa, una bidhaa hiyo ya kutosha.

Kusimama nako ni vilevile. Treni ya abiria ya SGR, iliyoanza safari mwaka 2017, huenda kilomita 120 kwa saa. Breki zikitumia kizidishi cha 0.1 bila kupoteza chochote, inahitaji zaidi ya nusu kilomita kusimama. Tembo wa Tsavo hawajaelezwa hesabu hii. Wajenzi walikuwa nayo, wakaiinua reli juu ya matuta na madaraja na kuwaachia wanyama njia za kupita chini.

Kutoka kwenye tani 250 tushuke kwa mkokoteni, kielelezo chetu tunachokipenda kuliko vyote. Mkokoteni hauna pedali. Nyuma yake, chini kabisa, kumepigiliwa kipande cha tairi kuukuu. Mahali tambarare kipande hicho kinaning'inia bila kazi. Kwenye mteremko mwenye mkokoteni anaiinua mikono ya mbele, mkia unashuka, na mpira unaikandamiza lami kwa sehemu ya uzito wa mzigo wenyewe. Akiinua kidogo, breki kidogo. Akiinua kwa kifua chote, breki kali. Magunia yakiongezeka, breki nayo inaongezeka, bila mtu kubadilisha kifaa. Kila alichokipeleka Amontons Paris kimo humo, kinaendeshwa na mtu mmoja anayepiga kelele, "Songa! Songa hapo!"

Jamii ya nne: Msuguano Uliolowa

Magurudumu yakifungwa na breki, umbali ambao gari litaserereka huamuliwa na kasi na kizidishi. Uzito haumo kwenye hesabu, maana uzito unaoongeza msuguano ndio unaoongeza pia ugumu wa kulisimamisha gari, na viwili hivyo vinafutana. Kwa kilomita 80 kwa saa, kikomo cha matatu tangu kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka 2004, lami kavu ya 0.7 inadai mita 36. Lami iliyolowa, tuseme ya 0.4, inadai mita 63. Kwa kilomita 110, kavu ni mita 68 na iliyolowa ni mita 119, na hapo haijahesabiwa sekunde moja ya dereva kushtuka, ambayo kwa kasi hiyo ni mita 30 zaidi. Kasi haikuongezeka hata kwa nusu. Umbali umekaribia kuwa maradufu, kwa sababu kasi huzidishwa kwa kasi. Hizi ni hesabu za karatasini. Breki za lori kuukuu ni somo la tauhidi.

Mvua mbaya kuliko zote kwenye barabara ya Mombasa si ile kubwa, ni ile ya kwanza. Kiangazi huacha juu ya lami vumbi, mafuta yaliyodondoka na unga wa mpira. Manyunyu ya dakika kumi huvikoroga vyote vikawa ute. Mvua kubwa ingeviosha. Na hapa ndipo tairi kipara, iwe pana au nyembamba, inapokosa mifereji ya kuyatolea maji, ikapanda juu yake na kuelea. Mjadala wa bodaboda umefungwa.

Mlimani maji yana hila nyingine. Shamba lililolala kwenye mteremko limeshikiliwa na msuguano wa punje kwa punje za udongo. Wakati wa kiangazi punje hubanana kwa uzito wa zilizo juu yao. Mvua ikijaa katika nafasi zilizo kati ya punje, maji huanza kubeba sehemu ya uzito huo. Kizidishi hakijabadilika, kilichopungua ni mbano. Karl Terzaghi alilifafanua jambo hili miaka ya 1920. Kwa hiyo shamba linaloondoka usiku na kwenda kulala kwa jirani limetii hesabu kikamilifu, ingawa chifu atalisikiliza kama kesi ya ardhi.

Mtembea kwa miguu hadai makubwa. Hatua ya kawaida inahitaji kizidishi cha karibu 0.2, na akala hutoa zaidi ya hapo karibu kila mahali. Soli ya ngozi iliyong'arishwa kwa ajili ya harusi, juu ya tope la Werugha, haitoi. Wageni wenye busara hufika na viatu mkononi.

Jamii ya tano: Msuguano wa Kamba

Mwatate ina mashamba makubwa ya katani, katani ni kamba, na kamba ndiyo jamii pekee ambamo msuguano huacha adabu. Zungusha kamba kwenye mti mara moja. Kizidishi kikiwa 0.3, ukishika mwisho mmoja kwa nguvu ya kilo 1 utazuia kilo 6 na nusu upande wa pili. Zungusha mara mbili, utazuia kilo 43. Mara tatu, kilo 285. Mara nne, karibu kilo 1,900. Kila mzunguko haujumlishi; unazidisha kile kilichopatikana kwenye mzunguko uliotangulia, kwa kuwa mvuto wenyewe ndio unaoibana kamba kwenye mti, na kila inchi ya kamba inamkabidhi mwenzake mvuto uliokwisha kupunguzwa. Unene wa mti hauhesabiwi. Mwembe na nguzo ya stima ni mamoja. Fomula yake inahusishwa na Euler yuleyule.

Fahali anayeivuta kamba iliyozungushwa mara tatu kwenye mwarobaini hashindani na mtoto aliyeushika mwisho wake. Anashindana na 285, na mtoto anaweza kuendelea kula muwa kwa mkono wa pili. Fundo nalo ni mambo hayohayo: kamba inajizunguka na kujibana kwa mvuto uleule unaotaka kuifungua. Kwa sababu hiyo kizidishi kikipungua kidogo tu, anguko ni kubwa. Chukua kamba nyororo ya plastiki yenye 0.15, nusu ya ile ya kwanza: mizunguko mitatu haibaki na nusu ya 285, inabaki na 17. Muuza kamba za katani sokoni hulifupisha somo hili vizuri kutuzidi: "Ile ya plastiki, ndugu yangu, itakuachia ng'ombe."

Jamii ya sita: Msuguano Mlaji

Vilele vinavyogongana havinusuriki vyote. Tembo wa Tsavo hujipaka tope jekundu, hulisubiri likauke, kisha hujisugua kwenye mti, mwamba au kichuguu mpaka tope libanduke pamoja na kupe waliomo. Mwisho wa zoezi kuna tembo mwekundu na mti ulioisha gome upande mmoja.

Kwa wafanyabiashara wa mawe wa Voi ulaji huo ni mtaji. Jiwe la kijani ambalo Campbell Bridges alilipata Tanzania mwaka 1967, kisha upande huu wa Taita, na ambalo kampuni ya vito ya Tiffany ililiita tsavorite mwaka 1974 kwa heshima ya Tsavo, lina ugumu wa 7 hadi 7.5 kwenye kipimo cha Mohs. Hukatwa na kulainishwa kwa unga wa almasi. Mara nyingi zaidi ya nusu ya jiwe huishia kuwa vumbi kabla ya lililobaki kung'aa, na bei hupanda huku uzito ukishuka. Ni msuguano pekee ambao dalali huulipia kwa hiari.

Vielelezo vilivyokataliwa

Tuliletewa pia ugali unaogoma kugeuzwa na mwiko. Huo ni mnato, nao una wataalamu wake, wengi wao wakiwa kina mama wasiohitaji msaada wetu.

Wengi zaidi walisisitiza tuuingize mgogoro wa mipaka: Taita Taveta na Makueni kule Mtito Andei, Taita Taveta na Kwale kule Mackinnon Road. Tuliuchunguza kwa makini. Nyuso mbili zipo, mbano upo, joto lipo, kelele ipo, na kwa miaka mingi mawe ya mpaka yamebaki kuwa ya kubishaniwa. Kwa mtazamo wa haraka ni Msuguano Mkaidi wa daraja la juu kabisa. Lakini kitu kinachosukumwa kutoka pande mbili kwa nguvu sawa hakihitaji msuguano wowote ili kikae palepale. Hata juu ya barafu kisingesogea. Kwa masikitiko ya kitaaluma, tumeuondoa kwenye orodha.